Filta ya ndoo ya mkaa wa mifupa: yaliyonikuta

Nilipohamia huku Maji ya Chai, Arusha, nikitokea Tanga nilijiona nimeukata, maji ya bomba meupeee, hayana harufu, hayana chumvi. Kumbe tatizo la maji ya huku hulioni kwa macho wala hulisikii mdomoni, ni floraidi, madini yaliyoyeyuka humohumo kwenye maji. Nimekuja kuigundua kwa watoto wa jirani, meno ya mbele yana michirizi ya kahawia hata wapige mswaki vipi, na wangu ndo kwanza ana miaka mitatu, meno ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya fizi na hapo ndo floraidi inapoharibu. Sie wakubwa meno yetu yalishaota, ila ikizidi kwa miaka mingi inaingia mpaka kwenye mifupa.

Nikaanza na kuchemsha. Yani nachemsha mpaka yanabaki nusu sufuria, najiona mama bora kweli, kumbe floraidi haitoki na mvuke, inabaki kwenye hayohayo maji kidogo, nazidi kuikoleza tu! Filta ya mshumaa niliyokuja nayo nayo haikufua dafu, ile ni ya tope na vijidudu.

Basi nikanunua hii, ndoo ya lita 20 yenye koki, ndani kilo kama 10 za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa wa chengachenga. Sio uganga jamani, hapo Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji ambacho kazi yake ndo hiyo, kutafiti jinsi ya kutoa floraidi kwenye maji. Jirani yangu mmoja aligoma kunywa kwangu mpaka ahakikishe ni mifupa ya mnyama gani, na simlaumu, ulizeni kabla ya kununua. Ndoo mbili za kwanza zilitoka nyeusi kwa vumbi nikamwaga, baada ya hapo maji safi. Ukiona yanatoka ya njano au yananuka kama nyama imeungua ujue mkaa haukuchomwa vizuri, rudisha. Na koki usiifungue yote, yanatakiwa yakae na mkaa kidogo.

Nikapeleka maabara: ya bomba 4.2, ya filta 0.6. Mwisho unaoruhusiwa ni 1.5, miligramu za floraidi hizo kwa lita moja. Nilifurahi mno.

Sasa malalamiko yangu. Muuzaji aliniambia "mwaka mzima huna wasiwasi dada", hakuniuliza natumia maji kiasi gani. Mimi nachota ndoo mbili kwa siku, ya kunywa na ya kupikia, na jirani (yuleyule aliyegoma!) siku hizi anatuma mtoto na kidumu. Mwezi wa saba nikapima tena kwa wasiwasi wangu tu, 2.8! Mkaa ulishashiba floraidi, hauinasi tena, na maji ladha ileile, weupe uleule, ningejuaje? Nimebadilisha mkaa, sasa napima kila baada ya miezi mitatu, na maji ya filta ni ya kunywa na kupikia tu, kufulia hapana. Magadi kwenye maharage nayo nimeacha, yana floraidi yake, mume wangu bado ananuna maharage hayalainiki.

Nyota 4. Ya tano nitampa muuzaji siku akianza kuandika kwenye mfuniko mkaa unatosha lita ngapi.