Uzoefu wangu: Maonyesho ya kiwanda cha pamba cha Leipzig hapa Mwanza, picha kali ila walimkosea mzee wangu adabu

Yule MC alimpokonya baba yangu maiki mkononi. Naanzia hapo maana ndo kitu sijakimeza mpaka leo. Mzee wa miaka sabini na ushee, mbele ya ukumbi mzima, kijana ambaye hata shikamoo hakutoa anavuta maiki anasema "mzee, hapa tunaongelea sanaa, mambo ya kilimo yana ofisi zake". Na watu wakacheka!

Ni yale maonyesho yaliyofanyika hapa mjini kati siku si nyingi, walioandaa siwataji. Kiingilio elfu kumi. Unaangalia picha ukutani, halafu unakaa kwenye mhadhara wa projekta kuhusu kiwanda cha kusokota nyuzi cha Leipzig, Ujerumani, wenyewe wanakiita Spinnerei, ambacho siku hizi ni mtaa wa wasanii. Nilimpeleka baba makusudi. Amefuma vitambaa kiwandani miaka mingi sana, na kabla ya hapo alilima pamba kwao Magu, nikajua hii itamgusa.

Na ilimgusa kweli, hapo nisiwe mchoyo. Picha ni kali mno. Majengo ya matofali mekundu, ghorofa kwa ghorofa, madirisha marefu hayo, kiwanda kilianza 1884 upande wa magharibi wa Leipzig na mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa kinahesabiwa kikubwa kuliko vyote bara Ulaya ukiitoa Uingereza, vijiti vya kusokotea nyuzi 240,000, yaani ni mji kabisa, wafanyakazi wana nyumba zao, bustani zao, watoto wana chekechea humo humo. Baba alisimama kwenye picha moja ya ukumbi wa mashine akaanza kunielezea mwenyewe, kwamba humo ndani hewa lazima iwe na unyevu maana ikiwa kavu uzi wa pamba unakatika katika, na kwamba sakafu ya hivyo inajengwa nene kwa ajili ya uzito na mtetemo. Mhadhiri baadaye akasema wasanii walipapenda kwa sababu hiyo hiyo, sakafu inabeba kitu chochote, vyumba vipana, mwanga wa kutosha, kodi ilikuwa rahisi. Ujerumani Mashariki ilikifanya kiwanda cha serikali, nchi zikaungana 1990, soko likafa, mashine zikanyamaza, wachoraji wakaanza kuingia. Neo Rauch, mchoraji mkubwa sana kule, ana karakana yake humo. Mwaka 2005 nyumba za kuonyesha na kuuza sanaa zikahamia na dunia nzima ikaanza kupaongelea.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshaamua nyota tano, nawaambia ukweli.

Sasa, muda wote huo pamba yenyewe ilitajwa mara moja tu. Slaidi moja, "malighafi ilitoka ng'ambo", fyuu, imepita. Baba akanyoosha mkono. Akapewa maiki akauliza kwa heshima kabisa, hiyo ng'ambo ni wapi, maana anachojua yeye hicho kiwanda kilikuwa na shamba lake la pamba hapa hapa kwetu, Saadani. Ana sauti ya juu, mtu aliyezoea kuongea kwenye kelele za mashine za kufumia ndo anavyoongea, hakuwa anagomba. Hakumaliza hata sentensi ya pili.

Na alikuwa sahihi! Kampuni ya Leipzig ilifungua mashamba yake Saadani kwenye mwaka 1907 hivi, pale pwani ambapo leo ni hifadhi ya taifa, ili isitegemee pamba ya Marekani ambayo bei yake ilikuwa inawasumbua. Mwaka 1907, jamani, wakati vita ya Maji Maji ndo inaisha! Vita iliyoanza Julai 1905 kule Nandete watu wa Umatumbi walipong'oa miche ya pamba waliyokuwa wanalimishwa kwa nguvu. Na mashamba ya pwani enzi za Mjerumani yalichukua vibarua kutoka huku kwetu, Wanyamwezi na Wasukuma wakitembea kwa miguu mpaka baharini. Hayo ni mambo ya kilimo? Unaonyesha historia ya kiwanda cha pamba Mwanza, kanda ya pamba, ukumbini wamejaa watoto na wajukuu wa wakulima wa pamba, halafu anayeuliza pamba ilitoka wapi anaambiwa aende ofisi nyingine.

Nilisimama nikamwambia mrudishie mzee maiki. Akaniambia dada muda umeisha, akaweka muziki. Muda umeisha wakati baada ya hapo tulikaa muda mrefu tu watu wanapiga selfi.

Mhadhiri mwenyewe sina ugomvi naye sana. Alikuja mlangoni akamwamkia baba akamwomba radhi, akasema anaijua habari ya Saadani ila aliambiwa afupishe. Hapo nikalegea kidogo. Lakini nilivyofika nyumbani nikawaza, afupishe kwa ajili ya nani? Chekechea ilipata slaidi yake, bustani za wafanyakazi zilipata slaidi yao, sisi ndo tunafupishwa? Hasira zikarudi upya, tena zaidi.

Na kilichoniuma ni kwamba hii mada tunaihitaji. Mwanza hii wakulima walikuwa na ushirika wao, Victoria Federation ya 1955, akina Paul Bomani waliupigania, ukawa mkubwa kiasi cha kusifika Afrika nzima, na hela ya pamba ndo ikaingia kwenye kiwanda cha nguo cha Mwatex hapa hapa mjini miaka ya 1960. Ukiriguru hapo Misungwi mbegu zinatafitiwa tangu enzi za Mwingereza. Kina baba wanaojua kila hatua, kutenga pamba safi na pamba fifi, jineri inayotoa mbegu kwenye pamba, marobota, kusokota, kufuma mpaka kitenge, wapo, wanakaa Igoma, Nyakato, Buzuruga. Ungeweza kuwaweka mbele wakaongea na vijana wachoraji usiku mzima. Badala yake unawakatia maiki.

Kwa hiyo nyota ngapi. Picha tano. Mhadhara tatu, labda nne. Mapokezi sifuri, na kwangu mapokezi ndo yanavuta yote chini, basi mbili. Hapana, moja, nikikumbuka baba alivyorudi kukaa akashika kofia yake kimya naweka moja na siibadilishi mpaka walioandaa wampigie simu, namba waliichukua mlangoni wakati tunajiandikisha.

Nasikia watarudia. Sisemi msiende, zile picha zinafaa kuonwa na kila mtu wa kanda hii. Nendeni na wazee wenu, kaeni mbele, ulizeni Saadani, na maiki ikifika mkononi msiiachie mpaka mjibiwe.