Banzi la usiku, mausi ya wima na kuandika kwa sauti: kipi kimfae mwenye muswada na kifundo kinachouma

Mtu akilalamika kifundo cha mkono, maduka ya Kariakoo na ya vifaa tiba jirani na Muhimbili yana mengi ya kumwonyesha. Kwa anayetaka kurudi kwenye muswada wake, cha kununua kwanza ni banzi, ambalo pia ndilo linalovaliwa vibaya kuliko vyote. Ulizia "sapoti ya mkono yenye chuma ndani". Ukisema sapoti tu utapewa ile ya kuvutika kama soksi, inayobana na kupasha joto huku kifundo kikiendelea kukunjika kama kawaida.

Ndani ya banzi, upande wa kiganja, mna ubapa wa alumini. Mabanzi mengi hutoka kiwandani ubapa huo ukiwa umepindwa ili kuinua kiganja. Mwenye ganzi ya dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, hasa usiku, pindo hilo halimfai. Neva inayohudumia vidole hivyo hupita kwenye mfereji mwembamba wa kifundo, na shinikizo mferejini hupanda kifundo kikikunjwa kwenda chini na vilevile kikiinuliwa juu. Basi chomoa ubapa, unyooshe kwenye ukingo wa meza mpaka ulale karibu sawa, kisha urudishe. Ni kazi ya dakika mbili, wala haihitaji nyundo.

Kabla ya kulipa, livae ukunje ngumi. Ukingo wa mbele ukivuka mstari wa kiganja ulio chini ya vidole, vidole vitagoma kukunjika, kwa hiyo chukua dogo zaidi. Chini ya mikanda kipite kidole kimoja. Pima mzunguko wa kifundo kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kutoka nyumbani, maana M ya kiwanda hiki ni S ya kiwanda kile. Lala nalo kila usiku kwa wiki sita hivi ndipo uamue kama linasaidia. Wakati wa kuandika livue: kifundo kikigandishwa, kazi yake huhamia kwenye kiwiko na bega.

Tatizo la hapa Dar ni jasho. Sponji ya ndani hulinyonya, na kwa joto la Februari hainukii vizuri kwa muda mrefu. Toa ubapa, gandisha mikanda ya kunata ili isiokote nyuzi na kupoteza nguvu, fua kwa mkono, anika kivulini. Mwenye uwezo anunue mawili ya kubadilishana.

Banzi la kawaida halimsaidii mwenye maumivu upande wa dole gumba yanayochoma akiinua sufuria bila ganzi yoyote. Hizo mara nyingi ni kano za dole gumba, na banzi lake lina sehemu ya kushika dole hilo. Ganzi ikiwa kwenye kidole kidogo, anza kuchunguza kiwiko.

Mausi ya wima ni nzuri, ila haistahili sifa zote inazopewa. Huuweka mkono kama wa kupeana salamu, kwa hiyo kigasha hakisokotwi. Kasoro yake ni kwamba vitufe viko ubavuni, na kila ukibonyeza unaisukuma mausi yenyewe pembeni. Iliyo nyepesi mno huteleza, nawe utaanza kuikaba kwa nguvu, jambo ulilokuwa unalikimbia. Ijaribu dukani: kidole kidogo kikiburuta mezani, mausi hailingani na mkono wako. Nyingi ni za mkono wa kulia tu. Mto wa sponji wa kuwekea kifundo mbele ya kibodi uachwe dukani, maana ukiuegemea huku unachapa unagandamiza mferejini palepale. Afadhali ukunje ile miguu ya nyuma ya kibodi, maana huinua kibodi na kukulazimisha kupinda kifundo juu. Hiyo ni bure.

Kilichobadilisha mambo kwa waandishi ni uchapaji wa sauti. Google iliongeza Kiswahili mwaka 2017, na kwenye Gboard, kibodi ya Google ya simu, utachagua Kiswahili (Tanzania) au Kiswahili (Kenya). Kwa rasimu ya kwanza inafaa sana. Kwa kuhariri haifai, usijisumbue. Hujikwaa kwenye vitenzi virefu vya aina ya "nisingelimwambia", kwenye majina yasiyo ya kawaida, na pale mazungumzo yanapochanganya Kiingereza.

Tatizo kubwa ni alama za uandishi. Ukisema "nukta" wakati unaandika kwa sauti katika Google Docs kwa Kiswahili, tarajia neno "nukta" liandikwe kama lilivyo. Njia ya kulikwepa ni kuchagua maneno ambayo hayamo kabisa kwenye hadithi yako na kuyatumia kama alama: "nukta", "mkato", "aya mpya". Ukimaliza, peleka rasimu kwenye Word, bonyeza Ctrl+H, tafuta nafasi na neno "nukta", weka alama yenyewe. Hiyo nafasi ya mbele usiisahau, la sivyo nukta itaning'inia mbali na neno lake. "Aya mpya" ibadilishwe kuwa ^p, alama ambayo Word huielewa kama mwanzo wa aya. Kisha chagua maandishi yote na ubonyeze Shift+F3 hadi kila sentensi ianze kwa herufi kubwa. Majina ya wahusika yawe ya mwisho kabisa, kwa sababu hatua hiyo ya Shift+F3 huyashusha kuwa herufi ndogo. Mhusika anayeitwa Mwanakheri mwite "Asha" unapoandika kwa sauti, ukambadilishe mwishoni.

Docs huacha kusikiliza ukihamia dirisha jingine, kwa hiyo maelezo ya sura yawe kwenye karatasi. Simu usiishike, iegemeze kwenye kopo la sukari na utumie maiki ya earphone, ikae pembeni ya mdomo ili pumzi isiipige. Feni izimwe au igeuzwe, kwani upepo wake huharibu maneno kuliko honi za bajaji. Asubuhi kabla ya saa kumi na mbili mtaa huwa umetulia kidogo, baada ya adhana.

Kuhusu muda, anza na dakika 10 mara mbili kwa siku, sauti na kibodi pamoja. Ongeza dakika 5 kila baada ya siku tatu iwapo umeamka bila ganzi. Ganzi ikirudi, shuka hatua moja, wala usifidie Jumamosi kwa saa nne mfululizo. Koo nalo huchoka, weka maji karibu.

Vikombe vikianza kukuponyoka, au nyama ya kitako cha dole gumba ikionekana kubonyea, acha majaribio ya dukani uende hospitali. Muhimbili pana taasisi ya mifupa, MOI. Mwambie daktari kama una kisukari, ujauzito au matatizo ya tezi ya shingo, na uende na banzi lako aangalie ubapa umekaa vipi.