Apu ya kupima hisa: kwa benki za kikanda msiiamini

Nimeitumia hii apu ya kuchambua hisa miezi minane, ile inakupa mshale wa kijani hisa ikiwa chini ya thamani yake na mwekundu ikiwa imepanda kupita kiasi. Kwa viwanda na maduka sina neno, inajitahidi. Ila benki za kikanda, yaani zile za Marekani zisizo kubwa za nchi nzima, jamani hapana.

Mimi nilinasa kwa benki moja iliyokuwa inauzwa 0.7 ya thamani yake vitabuni (mali zake ukitoa madeni), apu ikaweka kijani eti iko rahisi kwa asilimia 40, nikaona hii zali, nikanunua, na bei ikakaa palepale kama imepigwa msumari. Baadaye ndo nikashika kalamu. Benki ilikuwa inazalisha asilimia 8 kwa mwaka kwenye mtaji wa wenye hisa, mimi kwa hatari ile nataka 10, ukuaji weka 3. Sasa 8 toa 3 ni 5, 10 toa 3 ni 7, gawanya 5 kwa 7 unapata 0.71, hiyo ndo mara ngapi ya thamani ya vitabuni inastahili kuuzwa, yaani ile haikuwa bei ya kutupa, ndo bei yake halali kabisa! Na benki inayozalisha 13 kwa hesabu hiyohiyo inastahili kama 1.4, ukiikuta kwa 1.1 unakimbilia, lakini apu inaipiga mwekundu kwa sababu imevuka 1. Halafu inapima benki kwa mzunguko wa fedha kama kiwanda cha sabuni, wakati pesa kwa benki ndo mali ghafi yenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni vitu isivyovionyesha. Silicon Valley Bank, benki ya Marekani, mwisho wa 2022 ilikuwa na mtaji wa kama dola bilioni 16, huku hati fungani ilizopanga kuzishikilia mpaka ziive zikiwa na hasara ya kama bilioni 15 ambayo haikukatwa kwenye mtaji, iko tu kwenye maelezo ya ripoti huko ndani ambako nani anasoma. Amana zake zaidi ya asilimia 90 zilikuwa nje ya bima, kikomo ni dola 250,000, tarehe 9 Machi 2023 wateja wakataka bilioni 42 siku moja na kesho yake ikafungwa. Kwenye apu hakuna hata sehemu ya kuangalia amana zisizo na bima, wala mikopo ya majengo ya biashara.

Gawio nalo apu inalipa maksi za bure, kana kwamba haliwezi kukatwa. New York Community Bancorp, benki nyingine ya kikanda, Januari 2024 ilishusha gawio kutoka senti 17 hadi 5, hisa ikaanguka zaidi ya theluthi siku hiyohiyo.

Nyota mbili kwa tano, moja ya chati, nyingine ya tahadhari za bei ambazo kweli zinafika kwa wakati. Ya kulipia nimeshaikata, ripoti za benki ni bure na zina kila kitu.