FFmpeg na rangi za GIF zilizoharibika
Muuza sangara mmoja wa Kirumba, Mwanza, aliniletea GIF (picha inayocheza) ya machweo kwenye Jiwe la Bismarck ili niipunguze ukubwa. Msimbo wangu, nilioutegemeza kwenye maktaba ya programu isiyo FFmpeg, ulitoa fremu (picha moja kati ya zinazofuatana) ya kwanza safi, lakini kuanzia ya pili anga la chungwa likawa kijani, kwa sababu kila fremu ya GIF inaweza kubeba jedwali lake la rangi zisizozidi 256, nami nilikuwa nikisoma namba za rangi za fremu zote kwa jedwali la kwanza.

FFmpeg, programu ya kuchakata video na picha, imelitatua jambo hilo kwa namna ninayoipenda kweli: huifungua kila fremu katika rangi zake kamili, kichujio cha palettegen huzipitia zote na kuunda jedwali jipya, kisha paletteuse hulitumia kupaka kila nukta. Nilipozima uchanganyaji wa nukta (dithering), yaani kutawanya nukta za rangi zilizopo ili zionekane kama rangi za kati, anga lilijaa michirizi. Nilipourudisha ikatoweka, ingawa faili lilikua kubwa zaidi. Vichujio hivyo visirukwe, maana bila hivyo hutumika jedwali la jumla lisilojali picha yako. Programu ni ya bure, na haihitaji intaneti wakati wa kazi.