Monita ya 4K itakulazimu ununue kompyuta mpya?

Nilipoleta nyumbani monita ya 4K, yaani skrini yenye vidoti vingi mno vya picha, niliichomeka kwa waya wa HDMI kwenye kompyuta yangu ya mezani, mtumba wa ofisini. Picha ilitoka safi, ila kishale cha mausi kikawa kinaruka-ruka. Nikajua mashine imezidiwa, nikaanza kuulizia bei za kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora picha za skrini. Fundi akainama nyuma ya kompyuta, akanionyesha tundu la DisplayPort ambalo sikuwahi kuligusa. Kumbe HDMI ya toleo la 1.4 hupeleka 4K kwa fremu (picha) 30 tu kwa sekunde, wakati DisplayPort ya toleo la 1.2 inafika 60. Tukabadilisha waya. Kadi sijainunua mpaka leo.

Kwa hiyo kama kazi yako ni kuandika, kupiga hesabu na kuperuzi, skrini kali haiongezi bei ya kompyuta yenyewe, labda waya tu. Wacheza gemu ndio wanaoumia. Skrini ya kawaida ya 1080p ina pikseli (vidoti vya picha) kama milioni 2, 4K ina milioni 8.3, na kadi inazichora zote upya kila fremu. Hapo utanunua kadi kubwa, na huenda pawa saplai ya kuihimili pia.

Nikizipanga monita kwa kazi za kawaida, mimi naweka mbele inchi 27 yenye 1440p, ambayo kwa pikseli iko kati ya 1080p na 4K. Kurasa mbili zinakaa ubavu kwa ubavu, maandishi yanasomeka bila kukodoa, na mashine ya kawaida inaiendesha bila kadi.

Inafuata inchi 24 ya 1080p, kwa duka la steshenari, kaunta ya duka au mtoto wa shule. Hata tundu la VGA la kizamani linaiweza. Tungeshindanisha bei peke yake, ingeshika namba moja.

Ya tatu ni inchi 27 ya 4K. Herufi zinakaa kama zimechapwa kitabuni, lakini ni ndogo mno, hivyo utazikuza kwa asilimia 150, na ukishazikuza nafasi ya kazi inabaki ile ile ya 1440p! Unalipia ukali, si uwanja. Mpiga picha atafaidi. Mhariri wa video naye ataongeza RAM (kumbukumbu ya kompyuta) na diski, ila hilo ni deni la video zake, monita haihusiki.

5K, yenye pikseli nyingi kuliko 4K, naiacha kwa wenye nazo. Mwaka 2014 Apple ilitoa iMac ya inchi 27 yenye skrini ya 5K kuanzia dola 2,499, na Dell ikatangaza monita tupu ya 5K kwa bei karibu ile ile. Kompyuta ilikuwa kama nyongeza.

Mkiani kabisa ni inchi 32 ya 1080p. Dukani inajaza macho, mezani unahesabu vidoti.

Kabla hujatoka nyumbani, ipige picha kompyuta yako kwa nyuma, matundu yote yaonekane. Muuzaji aione kabla hajakutajia bei.