Boya la kusimama la Sh 18,000: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Nilinunua boya hili, kifaa kinachoingiza maji kwenye sistani (tanki dogo la kuflashi choo) na kuyafunga ikijaa, Kariakoo baada ya wiki mbili za kuflashi kwa ndoo na kopo. Sistani yetu iligoma kujaa. Ukibonyeza, maji yanashuka mara moja, kisha kimya. Fundi wa kwanza alifunua mfuniko, akachungulia, akafunika. "Dada, hapo ni kubadili sistani nzima." Sistani yenyewe haikuwa na ufa hata mmoja. Nikamlipa nauli yake, akaenda.

Kabla ya kununua chochote nilifanya jambo ambalo yeye hakulifanya. Nilifunga ile koki ndogo ya ukutani, mafundi wanaiita engo, nikafungua mpira wa fleksibo upande wa sistani, nikauelekeza kwenye ndoo, kisha nikafungua koki. Maji yakaja vizuri. Basi bomba halina kosa, engo haina kosa, ugonjwa uko kwenye boya. Nililitoa. Kichujio chake cha mlangoni kilikuwa kimeziba mchanga na chumvi ngumu kama ukoko wa kwenye birika (tunatumia maji ya kisima), nikakiosha kwa mswaki wa zamani. Ningeishia hapo bila kutumia hata shilingi, lakini mkono wa boya ulishakatika kwenye egemeo, ukawa unaning'inia tu.

Dukani kulikuwa na aina mbili. Lile la kizamani lenye mkono na mpira mwishoni, Sh 9,000, na hili la kusimama wima, ambalo kikombe chake hupanda na kushuka kwenye mhimili. Muuzaji alilisifia hili: halichukui nafasi, halipigi kelele, "ndiyo ya kisasa hiyo, dada yangu." Nikashawishika.

Kulifunga ni rahisi kweli, hapo nalipa sifa zake zote. Dakika ishirini, na robo yake nilikuwa natafuta tambara. Nati ya chini ni ya plastiki, ikaze kwa mkono kisha uongeze kidogo tu kwa spana. Ukitumia nguvu inapasuka. Kwenye fleksibo sikuweka tepu, kwa sababu pale kinachozuia maji ni washa ya mpira. Hakuna tone lililovuja.

Shida ilikuja nilipofungua maji. Yalikuwa yanaingia kama mtu anayekojoa kwa woga. Nikatazama saa: dakika 26 kujaza sistani ya lita 9! Nyumba ina watu sita na choo kimoja. Asubuhi ya kwanza mwanangu wa kwanza alichelewa shule, na lawama zikawa zangu mimi niliyejifanya fundi.

Nikarudi kwenye kile kikaratasi cha maelekezo, maandishi madogo kama sisimizi. Kilisema boya linataka presha kuanzia baa 0.5 (baa ni kipimo cha presha). Sasa piga hesabu. Maji yakiwa kwenye tanki la juu, kila mita 10 za urefu ndiyo baa 1. Simtanki letu liko juu ya sistani kama mita 2, yaani baa 0.2. Muuzaji hakuniuliza maji yangu yanatoka wapi, na mimi sikujua kama hilo ni swali.

Nilikuwa tayari kulirudisha. Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi ya bomba miaka mingi, ndiye aliyeniokoa. "Mwanangu, chungulia kule mlangoni, kuna kidude." Kweli, ndani ya shingo ya kuingizia maji, nyuma ya kichujio, kulikuwa na kiplastiki chenye kitundu chembamba. Kimewekwa kupunguza kasi kwa watu wenye presha kubwa. Nikakivuta kwa koleo, nikarudisha kichujio. Dakika 5! Nilicheka peke yangu chooni.

Miezi minne sasa. Kelele hakuna, kweli. Kimo cha maji unarekebisha kwa kuzungusha skrubu moja ya plastiki, hata bisibisi huhitaji. Kichujio nimekiosha mara mbili, na kwa maji yetu naona itakuwa kazi ya kila miezi miwili.

Ila lina tabia moja inayonikera. Simtanki likikaribia kuisha, presha inakuwa ndogo mno na boya halifungi sawasawa. Lile la kizamani linafungwa na mpira wake unaoelea na kuinua mkono. Hili linahitaji msukumo wa maji yenyewe ubane kile kiwambo cha mpira. Basi usiku unasikia maji yanateleza kwenye bomba la kufurikia, yanaingia bakulini, na ndiyo yale machache yaliyobaki. Siku hizi tanki likishuka nafunga engo kabla ya kulala. Pia nimetafuta kiwambo cha akiba maduka matatu, sijapata. Wanataka ununue boya zima.

Nalipa nyota tatu kwa tano. Kama una pampu au unakaa ghorofa ya chini ya jengo lenye tanki juu kabisa, chukua bila wasiwasi. Kama tanki lako liko kwenye stendi fupi kama letu, lile la mkono la Sh 9,000 linakutosha. Choo cha uani tunakijenga mwezi ujao, na boya lake nimeshalinunua: la mkono.