Injini ya gari langu la spoti ilinoki Houston: waranti ya nyongeza ilivyolipa, na ilipotaka kuniponyoka

Nimengoja mpaka injini mpya ifikishe maili 4,000 ndipo niandike. Wengi husifu au hulaani waranti siku ileile gari linapotoka gereji, wakati kazi ya fundi bado haijajaribiwa barabarani. Majina ya kampuni nayaacha, ya waliotengeneza gari na ya waliouza waranti. Atakayesoma atafaidika zaidi na maneno ya mkataba kuliko nembo ya mbele ya gari.

Gari ni la milango miwili, injini ya V8, gia sita za mkono. Nililinunua likiwa na maili 31,000, na waranti ya kiwanda ilikuwa imebakiza miezi michache tu. Nikalipa dola 3,850 kwa waranti ya nyongeza ya miaka 5, na kila tatizo ningechangia dola 100. Mke wangu aliuliza kwa nini tutoe fedha yote hiyo kwa kitu ambacho hakijaharibika. Nilimwambia ukweli: injini ya gari la namna hii ikifa, ukijumlisha na ufundi unapita dola 20,000, na sisi hatuna fedha ya kupoteza kiasi hicho kwa siku moja.

Siku hiyo ilifika Jumamosi moja ya Oktoba. Nilikuwa natoka Galveston narudi mjini kwa barabara ya I-45, jua kali, mwendo wa kawaida kabisa. Nilipopita League City nikasikia kitu kinagonga. Hakikuwa kelele ya tairi wala ya ekzosi. Ilikuwa ngo, ngo, ngo, kavu, na nikikanyaga mafuta inaharakisha. Geji ya presha ya oili ilikuwa imeshuka kuliko kawaida yake. Nikaweka pembeni, na kabla sijazima nikampigia kaka yangu Tanga, fundi wa magari tangu mimi nikiwa shule. Kwake ilikuwa saa sita za usiku.

"Shikamoo kaka. Samahani kukuamsha. Hebu sikiliza." Nikaisogeza simu kwenye boneti.

Hakuitikia hata salamu. "Zima. Zima sasa hivi, mdogo wangu. Hiyo ni beringi ya konrodi. Na usiiwashe tena, hata kwa kulipandisha kwenye bredauni. Wavute na winchi."

Maneno hayo yaliniokoa mara mbili. Kwanza kwa upande wa chuma. Beringi ya konrodi ni kipande chembamba cha nusu duara kinachokaa kati ya konrodi (mkono wa chuma unaotoka kwenye pistoni) na kranki (shafti inayozungushwa na mikono hiyo), na kazi yake yote inategemea utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Utando ukikatika, chuma kinasuguana na chuma, nafasi inaongezeka, konrodi inaanza kugonga. Ukiendelea kuendesha, konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku. Pili kwa upande wa karatasi: mkataba wangu, kama mikataba mingi ya aina hii, ulisema hasara inayotokana na kuendelea kuendesha gari baada ya dalili ya hatari hailipwi. Nilipiga picha geji na maili palepale, kisha bredauni ikaja ikalivuta likiwa limezimwa. Risiti yake ilionyesha saa na mahali. Baadaye mkaguzi wa kampuni ya waranti aliuliza swali hilo: uliendesha umbali gani baada ya kusikia mlio? Jibu lilikuwa kwenye karatasi.

Kabla ya kugusa waranti niliyoinunua, niliangalia kama kiwanda chenyewe kinadaiwa. Hatua hii wengi huiruka, na inaumiza, kwa sababu wakati mwingine kiwanda hurefusha waranti ya sehemu fulani bure, na haki hiyo inafuata namba ya chasisi, si jina la mnunuzi. Mfano unaojulikana ni Mazda RX-8, ile yenye injini ya rota. Hapa Marekani Mazda iliongeza waranti ya injini za modeli za 2004 hadi 2008 mpaka miaka 8 au maili 100,000, baada ya injini nyingi kupoteza kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya injini. Wenye Porsche Boxster na 911 za mwanzoni mwa miaka ya 2000 nao wanajua habari ya beringi ya shafti ya kati, inayoweza kuvunjika ghafla na kuiua injini nzima. Shauri la pamoja la wamiliki lilimalizika kwa maridhiano mwaka 2013. Andika namba yako ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani, ni bure, na umuulize wakala wa kiwanda kwa maandishi kama kuna nyongeza yoyote ya waranti kwa gari lako. Langu halikuwa nayo. Nikarudi kwenye mkataba wangu.

Hapa niwe mkweli: nilipoununua sikuwa nimeusoma wote. Bahati nzuri ulikuwa wa aina ambayo inaorodhesha visivyolipwa, na vingine vyote vinalipwa. Ipo aina nyingine, ya bei ndogo, inayoorodhesha vinavyolipwa tu, na kama jina la kipande halimo kwenye orodha basi hakuna mjadala. Kwa gari la spoti, aina hiyo ya pili singeichukua hata kwa nusu ya bei.

Jumatatu gereji ya wakala ilinipigia. Mlio wameusikia, lakini kampuni ya waranti hailipi kitu mpaka chanzo kionekane kwa macho, na ili kionekane lazima sampu, beseni la oili chini ya injini, ifunguliwe. Nani analipia kufungua? Mimi ndiye natia saini. Wakikubali dai, gharama ya kufungua inaingia humo. Wakilikataa, dola 1,400 ni zangu na gari linabaki limefumuliwa. Wengi huogopa hapa, na naelewa kwa nini. Nilitia saini, ila niliomba kwanza waandike kwamba wataishia kwenye sampu na beringi, hawatashusha injini yote bila ruhusa yangu. Pia niliomba filta ya oili ikatwe na kupigwa picha. Ndani ya karatasi za filta zilionekana chembe za rangi ya shaba. Ile rangi ndiyo ushahidi: beringi nyingi zina tabaka la shaba chini ya tabaka laini la juu, na ukiona shaba, la juu limekwisha. Beringi mbili zilikuwa zimelika, moja imezunguka kwenye kiti chake.

Mkaguzi alikuja Alhamisi, akapiga picha, akaondoka. Siku nne baadaye nikapata barua: dai limekataliwa, sababu ni uzembe wa mwenye gari katika sevisi.

Roho iliniuma, kwa sababu gari hilo nilikuwa nalitunza kuliko kitu chochote nilichonacho. Tatizo lilikuwa sevisi moja. Kati ya maili 38,000 na 45,000 nilimwaga oili mwenyewe nyumbani, na kwenye kumbukumbu za wakala palikuwa na pengo. Nikakaa na mkataba usiku mzima. Ukurasa wa 9 ulisema mwenye gari anaruhusiwa kujifanyia sevisi, ilimradi awe na risiti za oili na filta zenye tarehe na maili yaliyoandikwa. Nilikuwa nazo. Risiti ya dukani, chupa kumi za oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, namba ya filta, na picha ya maili kwenye simu yenye tarehe ileile. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimepeleka sampuli ya oili ile maabara, na ripoti ilisema oili ilikuwa safi na bado ina nguvu.

Sikupiga simu. Nimejifunza kwamba simu haiachi alama. Niliandika barua moja ya ukurasa mmoja, nikanukuu kifungu chao kama kilivyo, nikaambatisha vyote, nikauliza swali moja: ni sevisi gani, ya tarehe gani, mnayosema haikufanyika, na ilisababishaje beringi hizi kulika? Mwishoni nikaeleza kwamba nisipojibiwa kwa maandishi nitapeleka malalamiko TDLR, idara ya serikali ya Texas inayosajili kampuni zinazouza mikataba hii. Kila jimbo lina utaratibu wake, kwa hiyo mtu wa Ohio au Minnesota aangalie kwao. Siku ya sita dai likakubaliwa.

Nilidhani mambo yameisha. Kumbe swali lilikuwa: injini gani? Mkataba ulisema kipande cha aina na ubora unaolingana. Wao walitaka kuweka injini ya mtumba yenye maili 62,000, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa. Yangu ilikuwa na maili 51,000. Nikauliza ubora huo unalinganaje. Nikaomba injini iliyosukwa upya na kiwanda chenyewe, yenye waranti yake, na meneja wa gereji akanisaidia sana kwa kuwaandikia kwamba injini ya mtumba yeye hawezi kuithibitisha. Tofauti ya bei ilijadiliwa siku tatu. Wakakubali.

Kaka alikuwa na jambo moja tu alilonisisitizia kila nikimpigia: rejeta ya oili. Gari la spoti lina rejeta ndogo ya kupoza oili, na chembe za beringi iliyokufa hujificha humo kwenye vijia vyake vyembamba. Fundi anaweka injini mpya, anaunganisha mabomba yaleyale, na baada ya siku chache ule uchafu unatoka na kwenda moja kwa moja kwenye beringi mpya. "Kusafisha hakutoshi," alisema, "wabadilishe." Kampuni ya waranti ilisema rejeta haijaharibika, hivyo hailipiwi. Nilijibu kwa picha ya filta yenye shaba na sentensi moja kutoka kwa fundi wa wakala kwamba hatawekea dhamana kazi yake rejeta ya zamani ikibaki. Wakalipa rejeta, mabomba yake nikalipa mwenyewe, dola 310. Ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kisa hiki ya kumwambia mtu mwenye injini iliyonoki, ningechagua hii.

Kwa jumla, kampuni ya waranti ililipa dola 21,600 na ushei. Mimi nilitoa 100 za mchango, mabomba 310, oili na kulanti 190, na klachi 900, kwa sababu klachi ni kitu cha kulika na hakimo. Ila kwa kuwa injini ilikuwa chini tayari, sikulipia ufundi wake. Gari la kukodi walilipia siku 10, kazi ilichukua wiki saba. Siku zilizobaki nilipanda na jirani yangu Mkongo anayefanya kazi karibu na kwangu, na hakutaka hata senti ya mafuta. Mungu ambariki.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, kwa gari hili, na kwa mkataba wa aina hii hii. Kwa gari dogo la kwenda kazini nisingenunua. Ile fedha ningeiweka benki. Huduma ya gereji naipa alama zote. Kampuni ya waranti naipa nusu: walilipa, na walilipa vizuri, lakini barua ile ya kwanza haikuwa ya haki, na najua wapo waliopokea barua kama hiyo wakaikunja wakanyamaza.

Oili ya kwanza niliimwaga kwenye maili 500. Kaka alikuwa kwenye simu ya video, akaniambia niikate filta nimwonyeshe. Sumaku haikamati shaba, kwa hiyo nilizifunua karatasi za filta moja moja juani, nikizigeuza polepole mbele ya kamera kutafuta mng'ao wowote. Tulikaa hivyo kama robo saa. "Geuza tena," akasema. Nikageuza. Oili tupu, nyeusi kidogo, hakuna kinachong'aa.

"Haya," akasema. "Weka filta mpya, uandike maili kwenye risiti."